Ngamia wa Dada Clementina

Durban, tarehe 9 Februari 1998

Mjomba Juvénal mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na nakuomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu barua hii inatoka kwa mtu ambaye pengine ulishamlilia. Mimi ni Epiphanie, mtoto wa dada yako Clementina, yule uliyemwacha hana meno ya mbele. Meno yaliota. Niko hai, na niko Durban, Afrika ya Kusini.

Anwani yako nimepewa na Padri Ladislaus, mliyesoma naye seminari. Amepita hapa kutembelea Wakongomani, akanishika kichwa akasema, "Sura hii ni ya kina Juvénal." Ndipo nikajua bado uko Ujerumani, kwenye mji huo huo, kwenye kazi hiyo hiyo ya kamusi.

Tulitoka Uvira vita ilipoingia, mwaka 1996. Tulivuka ziwa mpaka Kigoma, halafu Malawi, halafu Msumbiji, kwenye malori, tumekalia magunia ya watu. Njia hiyo sitaki kuiandika. Hapa tumepata chumba Berea, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba vyumba, iko juu kwenye kilima, na asubuhi ukungu unapotoka baharini mji wote unapotea, tunabaki sisi na ndege tu. Mimi ninasuka nywele Overport, kwa Tina, dada mmoja wa Bukavu. Vidole vinauma lakini chakula iko.

Sasa nikuchekeshe. Wiki iliyopita tulisikia kitu kinatembea juu ya dari. Jirani yetu, maMkhize, alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua kichwa. Akasema, "Yinsimba leyo." Mjomba, mimi nilisikia simba! Nilipanda juu ya kitanda na viatu vyangu. MaMkhize alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Asubuhi nikamwona mwenyewe kwenye ukuta: mnyama mdogo kama paka, ana madoadoa na mkia mrefu wenye mistari. Kumbe ni kanu, yule mwizi wa kuku. Ndiye Wazulu wanayemwita insimba.

Wewe ni mtu wa maneno. Hebu niambie, simba alifanya kosa gani mpaka akawa mdogo hivi?

Anayekukumbuka na meno yake yote,
Epiphanie


Marburg, tarehe 15 Machi 1998

Mwanangu Epiphanie,

Salamu kutoka kwenye baridi. Barua yako ilikaa mezani siku kadhaa kabla sijaifungua. Niliona stempu ya Afrika na mwandiko nisioujua, nikapika chai, nikaiacha ikapoa, nikaenda kutembea kando ya mto. Nilipoifungua nililia kama mtoto, halafu nikafika kwa maMkhize na viazi vyake nikacheka peke yangu, mpaka mama wa ghorofa ya chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Mimi ni mzima. Nywele zimekuwa nyeupe. Nyumba yangu ni ya mtu mmoja.

Simba wako hakufanya kosa lolote. Neno ni lile lile. Babu zetu walipotawanyika kwenda mashariki na kusini, kila kundi lilibeba neno hilo mfukoni. Wengine walilivisha mnyama mkubwa mwenye manyoya shingoni, wengine wakalivisha huyo mdogo wa kwenye dari. Lakini sikiliza ndovu: Wazulu wanasema indlovu, na wewe umemtambua bila kufundishwa. Neno moja linakaa mahali pake, jingine linahama. Kwa nini? Hilo ndilo ninaloliuliza tangu nilipofika hapa.

Kazi yetu ni kamusi ya lugha ambayo haikuandikwa kamwe. Ndiyo mama wa Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi, Kiswidi na ndugu zao, nasi tunaiita Kigermaniki cha asili. Hakuna aliyeisikia. Tunaijua kwa watoto wake, jinsi Padri Ladislaus alivyotujua sisi kwenye sura yako. Kila neno tunalolifufua tunaliwekea nyota mbele, kuonya kwamba hapa tunakisia.

Tuko herufi ya U, na mimi nimepewa neno *ulbanduz. Wagothi walisema ulbandus. Waingereza wa kale olfend, Wajerumani wa kale olbenta, watu wa kaskazini úlfaldi. Wote walimaanisha ngamia. Lakini likumbatie neno hilo usikie mifupa yake: wengi wetu tunaona ni ndugu wa lile la Wagiriki, elephas, yaani ndovu! Watu wa misitu na theluji, ambao hawakumwona ndovu wala ngamia, walipokea jina la mmoja wakampa mwingine. Watu wa Isilandi wanalitumia mpaka leo, nao wamesahau kabisa lilikotoka. Sikio lao linasikia úlfur ndani yake, yaani mbwa mwitu.

Mhariri wetu mkuu anataka niandike kwamba ndovu aligeuka ngamia "kwa kosa". Mimi sitaki neno hilo, na siwezi kumweleza kwa nini. Usiku ninaota msafara wa wanyama wakubwa wanapita kwenye ukungu, watoto wako njiani wanauliza, "Yule nani?" na mtu mmoja anajibu neno lolote alilokuwa nalo.

Niandikie zaidi. Niandikie juu ya kilima, ukungu, wateja wako. Chochote utakachopenda kuniandikia kinanitosha.

Mjomba wako,
Juvénal


Durban, tarehe 3 Mei 1998

Mjomba,

Pokea salamu za Berea. Baridi yetu imeanza, siyo ya kwenu, ni ya sweta moja. Tina ameongeza kiti cha tatu salon. Masista wa Pietermaritzburg waliniuliza jambo, nikawajibu hapana, na hiyo imekwisha.

Nimeisoma barua yako na kuirudia, nikitafuta swali moja. Umeuliza wateja, umeuliza ukungu. Mama hukumwuliza.

Kwanza nilikasirika. Halafu Jumapili, padri anahubiri, nikaelewa kwamba na mimi sikumtaja. Niliandika "tulitoka", niliandika "tumepata chumba", na sikusema tulikuwa nani. Wewe ukanyamaza kwa sababu mimi nimenyamaza.

Mjomba, mama yuko. Yuko hapa, nyuma yangu, anakunja nguo. Tulipita njia yote pamoja na hakulalamika hata mara moja. Ni hapa, tulipokwisha kufika, wiki ile ya Noeli, ndipo kiharusi kilipompata. Alikuwa anamimina maji kwenye sufuria, akaniangalia kama mtu anayetaka kuuliza saa, akaanguka polepole. Mkono wa kuume umerudi, mguu umerudi kidogo. Maneno hayakurudi vizuri. Yaani maneno yapo, mengi tu, lakini hayakai mahali pake. Simu anaiita kasuku. Sabuni ni mkate. Blanketi ni paa. Hospitalini walimwonyesha picha akazikosea karibu zote, akaona daktari anavyoandika, tangu siku hiyo mbele ya wageni anafunga mdomo.

Mimi ananiita Fimbo. Mbele ya watu, kanisani, "Fimbo, twende." Wanageuka. Inaniuma, sitakudanganya.

Unamkumbuka alivyokuwa. Alisoma masomo ya Misa mpaka wazee wakatoka nje ya usingizi. Nilipomwambia nakuandikia wewe, aliweka kidole kwenye midomo. Hakutaka mdogo wake, mwenye kamusi, ajue kwamba dada mkubwa ameishiwa maneno. Nilimtii. Leo nimeshindwa kumtii.

Epiphanie


Marburg, tarehe 19 Mei 1998

Mwanangu,

Yu hai.

Nimeandika neno hilo kwenye karatasi nyingine pia, nimelibandika juu ya jiko.

Sikukuuliza kwa sababu niliona kambi kwenye televisheni, na barabara, na waliolala kando ya barabara. Niliwatazama wanawake wote waliopita na mizigo kichwani. Tangu hapo nikasema moyoni: asiyeuliza hajibiwi. Barua yako ilipofika bila jina lake, niliamini nimekwisha kujibiwa.

Epiphanie, usimsahihishe. Akisema mkate, mpe sabuni. Na jina lile lisikuume tena. Mtu hamwiti fimbo mtoto asiyemfaa. Anamwita hivyo yule anayemshika asianguke. Neno lake limehama tu, na ukilifuata utaona njia liliyopita. Simu inarudia maneno ya watu, na kasuku pia. Blanketi linafunika, na paa linafunika. Haya yote siyo ya mtu aliyeharibika.

Msomee barua zangu, tafadhali, hata zile za maneno yangu ya kuchosha. Alikuwa ananisikiliza hata nilipokuwa sina la kusema.

Masista walikuuliza jambo gani?

Juvénal


Durban, tarehe 26 Julai 1998

Mjomba mpendwa,

Salamu nyingi, na samahani kwa kuchelewa. Mama amekuwa na kikohozi, sasa amepona. MaMkhize alimtengenezea mvuke wa majani, chumba kizima kikanukia msitu. Wanakaa pamoja mchana, mmoja anasema Kizulu, mwingine anasema maneno yake, na hawagombani hata siku moja. Habari za masista siyo kitu, waache.

Nimefanya ulivyosema. Jioni moja nilimsomea barua yako ya Machi. Mama alikuwa anashona kifungo. Nilipofika pale penye *ulbanduz niliona aibu kulitamka, nikalitamka vibaya, nikaendelea: wote walimaanisha ngamia. Mama akaacha kushona. Akasema, "Ngamia?" Nikasema ndiyo. Akacheka, Mjomba. Alicheka kicheko cha msichana, anajishika mbavu, na mimi nilikuwa sijakisikia kicheko chochote chake tangu ziwani. Halafu machozi yakamtoka. Toka siku hiyo ni hilo tu. Anasimama mlangoni: "Ngamia. Fimbo, ngamia!" Anaonyesha nje, mbali, chini ya mji. Nikisema sielewi, anakaa kitandani na kugeukia ukuta.

Basi wakati wa likizo ya watoto sarakasi ilikuja, ikapiga hema lake karibu na ufukwe. Mteja mmoja akaniambia alfajiri wanawashusha wanyama majini kuwaogesha. Nikajisemea, hii ni bahati kutoka mbinguni. Tulipanda taxi ya kwanza, mimi na mama na maMkhize.

Sijui nitakuelezaje. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji, huoni bahari, unaisikia tu inapumua. Kwanza alitokea ndovu. Alikuja bila sauti yoyote, miguu ile mikubwa inaukanyaga mchanga kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala. MaMkhize akanong'ona, "Indlovu," akainamisha kichwa kidogo, kama vile anasalimia mkubwa. Nyuma yake ngamia wawili wamefungwa kamba moja. Ukungu ukawafunika miguu, wakawa wanaelea. Nilikukumbuka na ndoto yako. Nilitamani ungekuwa hapo.

Nikamwambia mama, "Mama, tazama! Ngamia wako."

Aliwatazama muda mrefu. Halafu akatikisa kichwa. "Siyo," akasema. "Siyo ngamia."

Kijana aliyeshika kamba akamwambia kwa Kiingereza kwa upole kwamba ni ngamia kweli, mama, anaweza kumgusa. Mama akaupiga mchanga kwa kiganja. "Siyo!" Watu wachache waliokuwepo wakacheka. Yeye akafunga mdomo, hakuufungua mpaka Berea.

Nilidhani ninamletea zawadi. Mjomba, wewe ni mtu wa ngamia. Ngamia wake ni yupi?

Epiphanie


Marburg, tarehe 11 Oktoba 1998

Mwanangu Epiphanie,

Nakusalimu, na najua umengoja. Majani ya miti hapa yamegeuka, yamekuwa rangi ya chai. Nimeanza barua hii na kuichana tangu mwezi wa nane. Kila nilipoanza niliandika habari za Wagothi. Leo nitaandika habari za Noeli moja kule misioni, nikiwa na miaka minane.

Padri alitaka mchezo wa Mamajusi watatu wenye ngamia. Wafalme walipatikana haraka, kila mtu alitaka kuwa mfalme. Ngamia hakuna aliyemtaka. Hatukuwa tumemwona mnyama huyo. Ilikuwepo picha moja tu kwenye kitabu cha katekista, nayo ilikuwa imeliwa na mchwa upande wa chini, kwa hiyo hatukujua miguu yake ikoje. Clementina akainua mkono akasema, "Mimi na Juvénal." Mimi sikuulizwa.

Walitufunika kwa blanketi la kijivu la wagonjwa. Yeye alikuwa kichwa, mimi miguu ya nyuma, na kikapu mgongoni mwangu kuwa nundu. Mle ndani palikuwa na giza na harufu ya sabuni ya dawa. Niliogopa. Nilimshika kiuno, naye akawa ananiambia kwa sauti ndogo kila kilichoko mbele: sasa iko ngazi, sasa iko mama na mtoto, sasa watu wanacheka lakini wanacheka vizuri. Nilitembea kanisa zima bila kuona kitu, na sikujikwaa. Tulipotoka watu walisema hawajapata kuona ngamia mzuri kama yule. Bila shaka hawakuwa wamepata kumwona mwingine.

Baada ya hapo ukitaka kutuita sisi wawili ulisema ngamia. "Ngamia amekula?" "Ngamia yuko mtoni." Mama yetu alituita hivyo mpaka nilipokwenda seminari, na ngamia akawa hana miguu ya nyuma. Ulipozaliwa siku ya sikukuu ya Mamajusi, baba yako alitaka jina la mama yake. Clementina akakataa akasema mtoto huyu ni Epiphanie, jina la sikukuu yenyewe. Hakumweleza mtu sababu. Aliniangalia mimi tu.

Kwa hiyo dada hakosei. Katika maneno yake yote yaliyohama, hilo halikuhama. Alipokuambia kwamba wale wa ufukweni siyo, alikuambia kweli.

Jumapili ya kwanza ya Novemba, mchana baada ya Misa, mpeleke dukani kwa yule bwana Apollinaire anayepigisha simu; namba yake amenipa Padri Ladislaus. Nitapiga. Ninaogopa kama nilivyoogopa chini ya blanketi, lakini nitapiga.

Juvénal


Durban, tarehe 15 Novemba 1998

Mjomba wangu,

Salamu kutoka kwa wote, na kutoka kwa Tina, aliyetusindikiza dukani, anayesema una sauti ya redio. Mvua zimeanza, maua ya zambarau yanaanguka barabarani mpaka unaona huruma kuyakanyaga.

Wewe ulisikia. Mimi nitakuandikia yale usiyoweza kuona.

Mama alivaa kitenge chake cha kijani, kile kilichovuka mipaka yote. Apollinaire alifuta kiti kwa mkono wa shati lake. Simu ilipolia mama alirudi nyuma akanishika. Nikaweka kipokeo sikioni mwake. Alikuwa ameukaza mdomo kama pale ufukweni. Halafu ukasema ulichosema, sikusikia ni nini, nikaona uso wake unafunguka kama dirisha.

"Kasuku huyu ana sauti ya nani?" akauliza.

Sauti yako ikatoka mpaka nje, ulikuwa unapiga kelele kama watu wote wanaopiga simu ng'ambo: "Ya miguu ya nyuma, dada!"

"Ngamia!" akasema mama. "Ngamia! Uko wapi?"

"Nilibaki nyuma, dada. Huku kwenye baridi."

"Umekula?"

Apollinaire alidhani laini imekatika, akaanza kupiga piga mashine. Mama akamzuia kwa mkono, anasikiliza tu. Nafikiri alikuwa anakusikia unavyolia, kwa sababu akaanza kusema kwa ile sauti ndogo, ile ya kwenye barua yako: "Iko ngazi. Polepole. Njoo. Paa ni kubwa."

Apollinaire akaangalia paa la duka lake, ambalo ni bati moja na robo. Mimi sikumweleza. Nilitoka nje nikasimama kwenye maua.

Sasa na mimi nina kesi na wewe. Apollinaire amekiri kwamba ulimpigia tena Jumatatu ukamwuliza habari za masista, na yeye, mdomo wazi, akakuambia. Bon. Ni kweli. Masista wana nyumba ya wazee Pietermaritzburg, wangenifundisha uuguzi nami ningekaa huko huko. Vita ilipoingia niliacha shule ya uuguzi nikiwa nimebakiza mwaka. Nilisema hapana kwa sababu mama hawezi kukaa peke yake, na hawezi kukaa kati ya wageni watakaomsahihisha kutwa. Sikukuambia kwa sababu ingekuwa kama kukuomba. Sitaki kukuomba. Mtu ana maisha yake.

Epiphanie


Marburg, tarehe 2 Desemba 1998

Mwanangu,

Hukuniomba. Niliomba mimi, kwa Apollinaire, na kwa senti zote nilizokuwa nazo mfukoni kwenye kibanda cha simu.

Kamusi inafungwa mwisho wa mwezi huu. Herufi zilizobaki ni chache na vijana wawili watazimaliza. Kuhusu *ulbanduz nimeshindana na mhariri kwa mara ya mwisho. Nilimsimulia habari ya mwanamke anayeita simu kasuku. Alivua miwani, akafuta maneno "kwa kosa" kwa penseli yake mwenyewe. Sasa imeandikwa kwamba jina la ndovu lilipewa ngamia "njiani, na watu waliohitaji kumtaja." Siyo lugha ya kamusi. Ameiacha hivyo hivyo.

Waambie masista ndiyo. Ninafika Januari. Visa yangu ni ya miezi mitatu, na Padri Ladislaus anasema iko namna ya kuiongeza kwa sababu ya dada. Sijui kupika ugali tena. Mtanifundisha.

Juvénal


Durban, tarehe 18 Aprili 1999

Mwanangu Epiphanie,

Salamu kwako na kwa masista, na kwa yule bibi wa kitanda cha dirishani anayekataa dawa mpaka uimbe. Visa imeongezwa. MaMkhize anakusalimu, amenipa koti la marehemu mumewe kwa sababu, anasema, langu ni la mazishi. Mama yako mzima, analala vizuri. Ugali wangu anaulaumu kila siku kwa maneno ambayo sitayaandika, na mengi kati yake, nakuhakikishia, hayajahama hata kidogo.

Unaniuliza katika kila barua kama ninaweza, kama sichoki, kama ninamtunza vizuri. Nikusimulie basi yaliyotupata Jumatano.

Tulikuwa tunakwenda Overport, Tina amsuke. Yeye hataki taxi kwa mwendo mfupi kama huo, na mimi ninapenda kutembea naye asubuhi, anavyosimama kwenye kila ua wa watu kutazama. Siku hiyo nilikuwa nimemshika kiwiko, nikijiona mdogo mtu mzima anayemwongoza dada yake mgonjwa, na nilikuwa ninamweleza habari za Wagothi, walivyotoka kwenye mito ya kaskazini wakashuka mpaka Bahari Nyeusi. Tukafika kwenye robot, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani. Nikatazama kushoto, kama nilivyotazama maisha yangu yote Ulaya na Uvira, ambako magari hushika kulia. Barabara ilikuwa tupu. Nikashusha mguu.

"Ngoja!"

Epiphanie, lilikuwa neno lenyewe. Halikutafutwa, halikupapaswa. Nikavutwa nyuma kwa nguvu ambazo sikujua kama mkono ule wa kuume unazo, nikaangukia nguzo, na lori la viwanda vya mtaa wa Jacobs likapita kutoka kulia, karibu mno, upepo wake ukanivua kofia.

Tukasimama. Yeye alikuwa na hasira. "Ngoja, wee mtoto!" akasema. "Macho yako yako wapi?" Sentensi mbili nzima, kila neno kwenye kiti chake. Mwanamume mmoja aliyekuwa anauza machungwa akanyanyua kidole gumba akasema, "Sharp, mama." Mama yako akamwitikia kwa kichwa kama malkia. Halafu akaanza kunipangusa koti, mabega, kola, huku analalamika, na maneno yalikuwa yamekwisha kutawanyika tena; kofia yangu iliyokuwa katikati ya barabara aliiita sufuria. Sikujali. Nilikuwa ninatazama mkono wake.

Taa ilipobadilika hakushika kiwiko changu. Alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto sokoni, na hakuniachia mpaka mlangoni kwa Tina. Alama za kucha bado zipo, ninaziona ninapoandika.

Kwa hiyo somo lako liendelee bila wasiwasi, na ukiuliza habari zetu, usiulize tena kama ninamtunza. Sijui hapa nani amepewa nani amtunze. Niko hai Jumapili hii kwa sababu ya dada yangu, na ninajifunza kutazama kulia.

Mjomba wako,
Juvénal